Lenga-lenga za Kahongya

Jirani yangu Kahongya, wa hapa Mulekera, ana parcelle, kiwanja kinachoteremka mpaka kijito. Aliirithi kwa baba yake. Toka mlango wa jiko hadi majini ni hatua ishirini, na hapo mke wake Katungu alipanda lenga-lenga miaka yote, mboga ya nyumba nzima. Kahongya ni mpole kupita kiasi. Akikanyagwa mguu sokoni, anangoja mwenye kukanyaga aondoke mwenyewe.

Kwanza alikuja Lévi wa komini, ofisi ya mtaa, mtu wa kwetu, mwimbaji wa kwaya. Akavuta kamba ya kupimia toka majini mpaka mlango wa jiko.

"Papa Kahongya, komini imekata maneno. Kando ya kijito hapana lima tena, udongo unaanguka mu maji. Nikikuta mboga ku udongo huu, parcelle inaenda, komini inaikamata."

Kahongya akasema ndiyo. Katungu akang'oa lenga-lenga zote.

Wiki iliyofuata akaja Omer wa ofisi ya ardhi ya serikali, mgeni aliyetumwa kutoka jimbo la mbali. Akatazama ule udongo mtupu.

"Papa, udongo ni wa Leta, wa serikali. Leta inakupatia juu ya kuutumikisha. Kama haulime, tunaukamata, tunapatia mwengine."

"Lakini, chef, komini inasema…"

"Komini iko chini ya Leta. Miye natafuta mboga tu. Iko wapi?"

Kahongya akasema ndiyo tena.

"Bote wawili unabaambia ndiyo," Katungu akamwambia. "Siku moja mutu atakuja kuniomba ndoa, na ule pia utamwambia ndiyo."

Katungu ndiye aliyekumbuka ule mtumbwi wa mti ambamo baba mkwe alikuwa akikamulia ndizi za kasiksi, ile pombe yetu. Tangu Kahongya abatizwe na kuacha pombe, walilala kuku ndani yake. Akawatoa kuku, akaujaza udongo, akapanda lenga-lenga. Lévi alipita kila Jumanne, Omer kila Alhamisi. Basi Jumatano Kahongya na miye tuliubeba mtumbwi hadi kando ya maji, na Ijumaa tukaurudisha jikoni. Miezi mitatu tulifanya hivyo. Katungu alisema kwa kutembea hivyo mboga zake zitafika mji wa Eringeti kabla yake.

Halafu Jumanne moja Lévi akaenda kwenye mazishi, akaahirisha kazi mpaka Jumatano. Na Omer, aliyekuwa na mkutano Alhamisi, akatangulia siku moja. Walitukuta katikati ya mteremko, mtumbwi mikononi.

"Wekeni chini, niandike kama munalima," Omer akasema.

"Wakiweka, naandika kama wamevunja amri," Lévi akasema.

Wakatoa karatasi zao, wakaanza kusomeana vifungu kwa Kifaransa. Nilimtazama Kahongya, nikingoja aseme ndiyo, nami nijue kwa nani.

"Apana," akasema.

Wote wawili wakashusha karatasi zao. Hata Katungu akatoka jikoni.

"Chef Omer, unaona mboga ku parcelle yangu?"

"Naona."

"Lévi, inagusa udongo wa kijito?"

Lévi akainama, akachungulia chini ya mtumbwi kwa muda mrefu.

"Haigusi."

"Basi andikeni vile munaona. Lakini mufanye mbio, jirani amechoka."

Wakaandika, kila mtu karatasi yake, wakapiga mihuri juu ya mgongo wangu kwa sababu hapakuwa na meza.

Sasa mtumbwi unaning'inia kwa kamba kati ya mikaratusi miwili. Kuchimba mashimo ya nguzo komini ilikataa. Lévi akija anatazama chini, anaandika. Omer akija anatazama juu, anaandika. Parcelle ingali ya Kahongya. Katungu peke yake ndiye hajaridhika: kila akitaka kupika, inabidi aazime ngazi yangu.