Kitanda cha Bi Zaina Stesheni ya Mombo

Nilishuka Mombo kwa sababu moja: Bi Zaina alinipigia simu kwamba anatolewa stesheni. Nyumba za reli zinageuzwa hoteli, ya wageni wanaopenda mambo ya zamani. Yeye, mjane wa fundi reli aliyezeekea pale, hawamtaki.

Alfajiri, kwetu Shume, juu milimani. Ukungu mzito. Nikavaa koti, nikapanda basi na tenga dogo la mapeasi. Darasani sikukaa, mapeasi ndiyo yaliyonisomesha. Nyumba yangu ya bati, ng'ombe wangu, vyote vilipitia stesheni ile. Mzigo wangu wa mapeasi ukikosa treni, nililala kwa Bi Zaina na mumewe, nikala ugali wao.

Soni, maporomoko ni yaleyale. Kutoka hapo ni kona juu ya kona, na joto linakupandia. Koti nikalivua.

Mombo, jua limekwisha kuwa kali. Stesheni imepakwa rangi, inapendeza, sikatai. Kitanda cha Bi Zaina kilikuwa nje. Nikakikalia.

"Shikamoo mzee," akasema msimamizi, kijana wa mjini. "Gari linasubiri hicho kitanda."

"Marahaba. Lisubiri. Mimi Msambaa, mama huyu Mzigua. Mtani haondolewi msibani."

Vibarua wakacheka, wakatua mizigo. Wao ni wa hapahapa. Wanajua mtani akizuia jeneza, halipiti mpaka aridhike.

"Kafa nani?" kijana akauliza.

"Mimi," Bi Zaina akamjibu. "Na huyu Msambaa hakuja kulia, kaja kula."

"Mrudishieni chumba chake, niondoke," nikasema.

"Hicho siwezi, mzee. Wenye uamuzi wako mbali."

Basi nikabaki palepale. Vibarua hawakugusa kitu. Tukala mapeasi mimi na mtani wangu, tukiwataja wachuuzi wenzangu waliolala kwake, wengi sasa wako udongoni. Nilitamani mmoja tu atokee, aombe maji.

Jua lilipoinama, Bi Zaina akanigusa bega. "Inuka, Msambaa. Umenizika vizuri."

Nikainuka. Akapanda gari, akaenda Korogwe kwa bintiye.

Usiku nilirudi Shume. Nilichojifunza ni hiki: jengo linaweza kuokolewa, aliyelitia uhai akatupwa. Hoteli itajaa, najua. Ila mimi nikishuka Mombo, sina tena mlango wa kupiga hodi.