Semi Nilizofundisha Kakuma

Nimehama mara nyingi: Lokitaung, Kainuk, sasa niko tena Lodwar. Kila ninapokaa, mama mmoja niliyemfundisha zamani hunijia kama njozi, hasa mchana jua likiwa wima na mji umenyamaza. Anakaa upande wangu wa kushoto, daftari magotini.

Miaka hiyo nilikuwa nafundisha watu wazima Kiingereza kambini Kakuma, ndani ya kanisa la mabati. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na kitabu kimoja cha semi za Kiingereza. Kila asubuhi niliandika tano ubaoni pamoja na maana zake. Kuvunja barafu: kuanzisha mazungumzo na mgeni. Kuwa kwenye mashua moja: kupatwa na shida ileile. Kung'ata risasi: kuvumilia jambo chungu.

"Mwalimu, risasi iko moto. Nani aling'ata?" aliuliza mama yule, darasa zima likacheka.

"Wazungu, mama. Andika tu."

Alitoka Sudan Kusini, na pale kambini aliuza chai karibu na bomba la maji. Binti yake alikuwa ametangulia Kanada na shangazi, naye alingoja mahojiano ya kuhamishiwa huko ili amfuate. Alinisimulia jinsi walivyotoroka vita, kwa Kiswahili cha kambi kilichochanganyika na Kiarabu cha Juba. Nilimwambia kwamba afisa wa mahojiano hatasikiliza maneno ya namna hiyo. Nikamwandikia upya kwa Kiingereza, nikapachika semi zangu, nikamshauri amkatae mkalimani. Wengine darasani wakaja pia. Nikawaandikia vilevile, tena kwa fahari.

Siku ya mahojiano alirudi mapema mno.

"Afisa anasema hii hadithi ameshasikia," akaniambia. "Asubuhi, kwa mtu mwingine. Jana pia. Risasi ileile, mashua ileile. Ati nimenunua."

"Ukamwambia nini?"

"Aliniuliza nani alinifundisha. Nikanyamaza. Wewe ni mwalimu wangu, nikutaje, nikuchome?"

"Na faili?"

"Amefunga."

Nilijua la kufanya. Niende ile ofisi, dakika ishirini kwa miguu, niseme maneno ni yangu lakini yaliyompata ni yake, wamwite tena akiwa na mkalimani. Nilimwahidi kwenda kesho. Kesho yake nikapanda lori la mbuzi hadi Lodwar. Niliogopa kufukuzwa kazi, na kwa kukimbia nikawa nimeiacha mwenyewe.

Siku hizi najaribu kukumbuka alivyonisimulia. Kulikuwa na mto, na kiatu kimoja cha mtoto. Mengine yote yananijia kwa Kiingereza changu, yakiwa laini, hayana mtu ndani yake.

Nikikutana na mtu aliyetoka Kakuma namsalimia kwa Kiturkana, ejok, namuuliza kama mvua imenyesha, namuuliza mbuzi wanauzwaje. Ananijibu, tunaagana. Kumuulizia yeye bado sijaweza.