Suruali ya Kasereka, Moteri ya Kakule

Sisi tuliokulia Murara, hapa Goma, enzi zile simu pekee ya mtaa iko mezani kwa padri, tulikuwa na masikio. Nasema masikio ya kweli, si haya ya siku hizi yaliyozibwa na vidude vya muziki mchana kutwa. Ukiwa bado chini ya blanketi asubuhi, ulijua ni gari gani linapanda barabara, limebeba mzigo wa aina gani, na kama dereva wake amegombana na mke wake. Leo hii mwanangu wa kwanza ana miaka kumi na saba, na juzi kamioni limempigia honi nyuma yake mpaka wauza nyanya wote wakasimama, yeye akasogea tu alipoona kivuli. Nikamuuliza, mutoto wangu, hukusikia? Akatoa kidude kimoja sikioni, akaniuliza, "Eh, papa?" Nikamwambia basi, endelea.

Papa wangu alikuwa na minibasi ya njia ya Rutshuru. Dereva alikuwa yeye, fundi alikuwa yeye, na mtu wa kuilaani ikikataa kuwaka alikuwa yeye pia. Kiwanda kilichoitengeneza, huko Japani, kilikuwa kimezaa moteri, yaani injini, za petroli za ukoo mmoja, zote zinaitwa Y. Kulikuwa na 1Y, 2Y, 3Y na 4Y, kila moja ikiipita nguvu ile iliyotangulia. Mtu mwingine angeona namba tu. Papa, Munande wa Butembo, aliona familia. Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Huna haja ya kuuliza nani mkubwa. Papa alipoelezwa habari ya zile Y na wauza vyuma wa soko la Birere, alihesabu kwa vidole, kisha akasema, "Kumbe Wajapani nao ni Wanande." Alisema kwa dhati, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyetamka tena 1Y wala 2Y. Ilikuwa Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule. Na sisi wavulana tulikuwa wanne, kwa majina hayo hayo, mimi nikiwa Kasereka. Basi fikirini wenyewe. Papa akisema mezani kwamba Kambale anakunywa kupita kiasi, mgeni anamwangalia kaka yangu wa darasa la sita kwa huruma. Mama jirani alishawahi kutuletea majani ya dawa kwa sababu alisikia Kasereka amelala uani tangu jana na anavuja. Mama aliyapokea, akashukuru, akayapika mboga.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa huo wa masikio. Tulikaa juu ya ukuta wa mawe meusi ya volkano, mmoja anafungwa macho kwa kitambaa, gari likipita anataja moteri yake ni nani. Paluku alikuwa na kikohozi chembamba. Kambale alilalamika kwenye mlima. Kasereka, nasema bila kujisifu, alikuwa na sauti tulivu, ya mtu aliyelelewa vizuri. Kakule alinguruma kwa chini kama waimbaji wa besi wa kwaya ya parokia. Anayekosea anampa mshindi visamaki vyake vya sambaza vya jioni. Kaka yangu Paluku alikosea sana, ndiyo maana mpaka leo ni mwembamba.

Mdogo wetu Kakule yeye hakuwa mwembamba. Sijui Mama alimpa nini. Alizaliwa mkubwa, akaendelea hivyo. Na hapo ndipo ilipoanza shida ya nguo, maana ninyi wa rika langu mnajua tulivyovaa: suruali inanunuliwa mara moja, kwa mtoto wa kwanza, halafu inateremka. Paluku ataivaa, Kambale ataivaa, mimi nitaivaa ikiwa na viraka magotini, na mimi wala sikuona haya, kwa sababu sisi watatu kiuno chetu kilikuwa kimoja, tulizidiana urefu tu. Kwa Kakule ikafika mwisho wa safari. Siku ya komunyo yake ya kwanza alivaa suruali yangu ya buluu. Aliingia kwa kuvuta pumzi, akatembea kwa kuvuta pumzi, na alipopiga magoti mbele ya padri ilimbidi apumue. Kanisa zima lilisikia. Padri naye ni mtu, alicheka mpaka akashika altare.

Nimewasimulia suruali hiyo kwa sababu ndiyo iliyotuponza siku ya ndoa ya shangazi Masika.

Shangazi Masika alikuwa dada ya Papa, na aliishi nasi. Mchumba wake wa kwanza aliaga anaenda Kinshasa kutafuta maisha, na inaonekana aliyapata, kwa sababu hakuandika tena. Wa pili alikuwa Bahati, mwalimu wa Rutshuru, mtu mpole mwenye masikio makubwa, aliyempenda shangazi mpaka akawa anasahau kushuka kituoni. Familia yake haikuwa na hakika nasi. Mashangazi zake walikuwa wanamwambia waziwazi, hao watu wa Goma watakuchezea, siku ya siku utasimama kanisani peke yako. Misa ilipangwa Jumamosi asubuhi, huko Rutshuru, na padri alisema mapema kwamba mchana anangojewa kijiji kingine. Tukichelewa, ndoa hakuna. Shangazi alikuwa amepita umri ambao watu wanauliza kwa adabu. Alimwambia Papa, mbele yetu sote, "Kaka, hii ikivunjika, usinitafutie mwingine tena."

Papa alimsikia. Moteri ya minibasi wakati huo ilikuwa Kambale, na kwenye mlima wa Kibumba Kambale alizoea kuwashusha abiria wasukume. Papa hakutaka bibi arusi asukume. Akaenda Birere, akarudi na Kakule kwenye mkokoteni, 4Y kamili, nzito, nyeusi kwa mafuta. Mtaa mzima ulitoka kumwona. Mdogo wangu Kakule aliigusa kama mtu aliyeletewa pacha.

Papa alipoifungua alikuta joint imechanika. Joint ni lile bati jembamba lenye matundu manne makubwa, linalokaa katikati ya kichwa cha moteri na kiwiliwili chake, lizuie moto na maji visikutane. Alitafuta Birere nzima joint ya Kakule, hakuna. Ya Kasereka ilikuwepo. Jioni akaipima uani, akatabasamu. Joint ya Paluku ilimfaa Kambale, na ya Kambale ilimfaa Kasereka. Hilo alishalifanya mwenyewe mara nyingi, zilikuwa na matundu ya upana mmoja. Kwa hiyo ya Kasereka itamfaa Kakule. Katika nyumba yetu nani angebisha? Hivyo ndivyo vitu vilivyoteremka.

Alibisha Mama. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza na sindano, anaongeza kitambaa cha rangi nyingine nyuma ya suruali ya Kakule, na hakuinua hata kichwa.

"Papa Paluku," alisema, "ulishaona siku moja suruali ya Kasereka inamuenea Kakule?"

"Mama Paluku, hii ni mambo ya moteri."

"Mi nakuuliza tu."

"Matundu madogo ya bulon za kufungia yanakubali yote. Angalia. Ndugu anavalaka ya ndugu yake."

"Sawa. Mi niko nashona."

Papa akafunga. Usiku ule Kakule aliwaka mara ya kwanza, akanguruma besi yake, vikombe vikatetemeka kabatini, na Papa akacheza kidogo peke yake uani akidhani hatumwoni.

Jumamosi tuliondoka alfajiri tukiwa tumejazana na masufuria, mikeka, mashangazi, na kuku wawili wa heshima. Shangazi Masika alikaa mbele na gauni jeupe limejaa kiti kizima, Papa akawa anatafuta mkono wa vitesi, yaani gia, ndani ya lesi. Tuliimba. Kakule alikula barabara. Tulipoanza kupanda Kibumba, mimi niliyekuwa na masikio nikasikia kitu. Besi ilianza kupiga miluzi. Nikamwangalia Kambale, Kambale akamwangalia Paluku. Halafu mvuke ukatoka chini ya kiti cha mbele, mweupe kuliko gauni, na minibasi ikasimama kando ya shamba la kabichi.

Papa alishuka, akafungua, akatazama, akafunga. Akafungua tena, kana kwamba mara hii itakuwa moteri nyingine. Kosa lake tulilielewa sote, hata kuku. Kakule kifua chake kilikuwa kipana kuwapita kaka zake, matundu ya joint ya Kasereka yakawa madogo kwake, kingo zikaingia motoni, zikaungua. Mama alimpa Papa kitambaa cha kufuta mikono. Papa aliniambia baadaye kwamba angependelea matusi.

Shangazi Masika hakulia. Alishuka, akavua viatu vyake vyeupe, akavishika mkononi, akakusanya gauni mpaka magotini na kuanza kutembea kuelekea Rutshuru. Ni mwendo ambao hata mwanajeshi angeomba kupumzika. Wauza kabichi walisimama wote kumtazama. Papa alimkimbilia, "Masika, rudi, tutapata njia." Yeye hakugeuka. "Njia ni hii," alisema.

Hapo likaja lori la bia. Dereva wake alikuwa baba mmoja mnene, mkimya, na alipoona gauni jeupe linatembea peke yake barabarani, alifunga breki mpaka chupa zote zikalia. Aliuliza maneno mawili, akatoa amri. "Mama bibi arusi atakaa mbele na mimi. Wengine juu ya kreti. Na mutu asifungue hata moja." Tukapanda. Kaka yangu Paluku aliachwa alinde minibasi pamoja na kabichi, na mpaka leo anadai sahani yake ya wali.

Huko Rutshuru, padri alikuwa ameshavua joho na mguu mmoja uko juu ya pikipiki. Watu walikuwa wamekaa kivulini na nyuso za kusema tulikuambia. Bahati alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa, palepale alipowekwa asubuhi, na ua limenyauka mkononi. Walimwambia akae, hakukaa. Walimwambia ale, hakula. Lori lilipokata kona ya parokia, limejaa kreti mpaka juu na sisi tukiimba juu yake kwa sauti za vumbi, ukoo wake wote ulisimama. Minong'ono ikafa. Mjomba wake mmoja akaanza kuelekeza vijana, "Shusheni, wekeni pale kivulini. Kumbe hawa ni watu wenye heshima." Dereva akasema hii iko ya depo. Mjomba akasema ndiyo, ndiyo, wekeni tu. Ilibidi padri mwenyewe aingilie, na dereva, kwa kuwa alikuwa ameshalia kidogo alipoona Bahati anavyomtazama shangazi, akashusha kreti mbili na kusema atajua la kumwambia bosi wake.

Padri alivaa tena joho. Walifunga ndoa.

Kesho yake Papa alifungua Kakule, akatoa ile joint, matundu manne yameliwa na moto kama chapati iliyosahauliwa. Alimpelekea dada yake, akamwomba msamaha kwa mikono miwili. Mpiga picha wetu alikuwa amechelewa zaidi yetu, kwa hiyo picha ya arusi haikuwepo. Shangazi akaipiga joint msumari ukutani mwa sebule yake mpya, mahali pa picha.

Siku hizi Goma magari yanapita Murara na sisikii ni nani. Moteri zimefunikwa plastiki, zinanong'ona, na fundi kijana anachomeka kompyuta aulize gari linaumwa wapi. Papa amezeeka, husimama langoni kuzisikiliza na kutikisa kichwa: "Hawa hawakuwapa watoto wao majina." Nina hamu na kelele zile, nawaambia ukweli, nina hamu hata na suruali yenye viraka. Ndugu zangu wametawanyika, Kakule yuko Kampala na ni mwembamba, jambo ambalo hatujalizoea.

Na vita vilipofika Rutshuru, shangazi Masika na Bahati walikimbilia kwetu. Walifika jioni na godoro, sufuria moja na mvua kichwani. Bahati alivua koti lililolowa, na kutoka ndani, kifuani, akatoa ile joint, imefungwa kwenye kitenge. Mama alimshangaa, "Baba, umeacha redio, umebeba hii?" Sasa imening'inia sebuleni kwetu.

Wiki iliyopita mwanangu, yule wa vidude, alitangaza kwamba ameachana na msichana wake. Alikuwa amemngoja nusu saa nzima, ujumbe umesomwa, hajibiwi, akamfuta kwenye simu. Bahati alikuwa anamenya viazi pale karibu. Alimwonyesha joint ukutani kwa kisu.

"Mi siku ile nilingoja mpaka padri akapanda pikipiki," alisema. "Simu haikuwepo. Nilijua tu kwamba yuko njiani."

Shangazi Masika alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na hakuinua macho.

"Na mi nilikuwa nimeshavua viatu," alisema.