Nguo Nyeupe za Pwani ya Mahajanga

Mama mkubwa alifariki mwaka jana, kwa hiyo mdomo wangu umefunguliwa. Aliniapisha ninyamaze maadamu yu hai, na mimi si mtu wa kunyamaza. Waliokaa nami mtaa wa Ampisikina watakwambia nilikuwa nagombana hata na kuku wa jirani. Lakini kwa ajili yake nilifunga mdomo. Angetaka nifunge na macho, ningefunga.

Kiswahili hiki hakuna aliyenifundisha. Nyumbani tulisema Kingazija kilichoingiliwa na Kisakalava, shuleni Kifaransa na Kimalagasi, na Kiswahili nilikiokota mwenyewe, kwenye redio na kwenye magazeti ya Mombasa yaliyofungiwa bizari. Kikipinda mahali, kinyooshe mwenyewe.

Mama mkubwa ni dada yake mama yangu. Nilipozaliwa Nosy Be, alipanda meli kutoka Mahajanga kuja kumtunza mama, maana kwetu ndivyo, dada mkubwa ndiye anayekaa siku arobaini na mzazi. Siku hizohizo Mahajanga ikawaka. Watu wenye asili ya Ngazija waliwindwa mtaa kwa mtaa. Waliosalia wakakusanywa kambini, halafu wakapakiwa kwenye ndege na meli "kurudishwa kwao," hata wale ambao hicho kwao hawakuwahi kukiona. Mama mkubwa alirudi baadaye, njia ilipokuwa salama, na mimi mgongoni. Mama yangu alikuwa na watano kabla yangu, yeye hakuwa na hata mmoja, basi akapewa mimi.

Alikuta mlango umeungua, kuta zimesimama, mume hayupo. Jirani mmoja alisema amemwona akipanda lori la kambini. Jirani wa pili alisema amemwona amelala kando ya mfereji, amefunikwa gunia usoni. Wote wawili waliapa kwa msahafu.

Mama mkubwa akachagua lori.

Miaka ishirini alikaa mke wa mtu. Kila jioni alijipaka liwa usoni kama mwanamke anayetarajia mgeni wake. Kila mwaka, siku ya kuwasomea hitima waliokufa kwenye zile fujo, alinituma kwa mzee msomaji wa msikiti wetu nikamwambie jina la mumewe lisiwemo. Mzee ananijibu najua, binti, najua, na mwaka unaofuata natumwa tena.

Na tuseme wazi, haikuwa mapenzi matupu. Nyumba ile aliijenga mume. Akiwa hai, hakuna wa kuigusa. Akiwa amekufa bila mtoto, mke anachukua robo, na iliyobaki ni ya ndugu yake. Huyo ndugu alikuwa Nosy Be, muuza mafuta ya langilangi, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Mimi nilimwita baba mdogo kwa sababu ya adabu tu. Alikuja mara moja kwa mwaka, akaketi sebuleni, akanywa chai yetu, na macho yake yakapima dari kama fundi cherehani anavyompima mteja. Akiondoka aliuliza, hivi kaka bado yuko safarini? Mama mkubwa alimjibu kwamba safari nyingine ni ndefu. Walikuwa wanachekeana meno ya mbele tu.

Ndipo akaja yule msanii.

Alikuwa mwanamke wa Ufaransa, mama yake Mngazija, Kingazija chake kama cha mtoto wa miaka minne. Alitaka kufanya sanaa ya hadharani kuhusu watu waliotenganishwa kati ya Bukini, yaani Madagaska yetu, na Komoro. Yeye aliiita kwa neno refu la Kifaransa, sisi tuliiita nguo za pwani. Mpango wake ulikuwa huu: nguo ndefu kama shuka, mia na kitu, kila moja na jina la mtu mmoja aliyeondoka au aliyebakizwa, zining'inizwe kwenye kamba juu ya barabara ya pwani Mahajanga. Na nguo nyingine kama hizohizo, majina yaleyale, zining'inizwe Moroni. Nchi mbili zitazamane.

Mimi nilimpenda siku ya kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na mdomo, na hapa mtu ananiuliza nasema nini. Nikawa msaidizi wake. Nilipita nyumba kwa nyumba kuokota majina, na jina la kwanza kwenye orodha, kabla ya mtu mwingine yeyote, nikaandika la baba mkubwa, mume wake mama mkubwa. Nilitaka aonekane. Nilitaka aliye Moroni na aliye Mahajanga wajue kuna mtu anangojewa. Mama mkubwa nilimwambia, akafikiri kidogo, akauliza kama ni orodha ya marehemu. Nikamwambia la, ni ya waliotengana. Akasema basi mtie.

Msanii alitaka nguo za rangi, kila moja na yake. Mimi ndiye niliyemwambia nyeupe. Nilijua wanawake wa Nosy Komba wanavyodarizi. Wanachora ua kwa penseli, wanashona pembezoni, halafu wanakata katikati kwa mkasi mdogo, ua linabaki tundu. Kazi hiyo hung'aa kwenye pamba nyeupe. Wazo lilikuwa langu tena, kwamba majina yawe matundu na jua lipite ndani yake. Msanii alinikumbatia. Nilivuka naye hadi Nosy Komba, tukakaa majuma matatu, wanawake wakishona nje ya nyumba zao na mimi nikisoma orodha kwa sauti ili wasikosee herufi. Mmoja aliniuliza kwa Kisakalava kama hawa watu wamekufa, mbona shuka nyeupe. Nikamkata maneno. Nilimwambia yeye si Mwislamu, hajui sanda ikoje, sanda haina urembo.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Najua kila kitu.

Siku ya kuzindua, jua la saa tisa lilipita kwenye matundu na majina yakaanguka chini barabarani, meupe juu ya lami, watu wakiyakanyaga na kuruka pembeni na kuyakanyaga tena. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Mtaa mzima ulikuja. Baba mdogo alikuja kutoka Nosy Be na viatu vipya. Mama mkubwa alisimama mbele, liwa usoni, shali yake nzuri kichwani.

Msanii alitaka majina yasomwe kwa sauti, na akamwomba mzee msomaji, kwa sababu ya uzuri wa sauti yake. Mzee alivaa miwani, akapokea karatasi, akatazama juu. Nguo nyeupe mia na kitu zilikuwa zinapepea. Mtu yule alikuwa amesoma orodha za majina maisha yake yote, na alijua njia moja tu ya kuzisoma.

"Marehemu," alianza, akataja jina la baba mkubwa. "Al-Fatiha."

Na watu, mia mbili, mia tatu, wakainua mikono na kusoma Fatiha. Nilimwona hata aliyekuwa anakula muhogo akiuficha nyuma na kusoma. Nikapiga kelele kwamba hapana, mzee, si marehemu. Walinizomea, binti huyu hana adabu, watu wanasoma. Mzee alikuwa ameshafika jina la tatu, marehemu, la nne, marehemu. Ukishaanza hitima huikati. Msanii machozi yalimtoka kwa furaha. Alidhani wanaimba.

Mama mkubwa hakugeuka. Alisikiliza mpaka jina la mwisho, kisha akatembea kwenda nyumbani.

Asubuhi yake, kabla hatujawasha jiko, wakaanza kuingia wanawake na sukari na mchele, kama wanavyofanya kila penye tanzia. Sikumlaumu hata mmoja. Jina limesomwa mbele ya watu, Fatiha imejibiwa, wewe utakaa nyumbani kwako usiende kumpa mwenzio pole? Walikuwa na furaha kidogo, naweza kusema, kama watu waliosubiri basi miaka ishirini na sasa limefika. Mama mkubwa alikuwa ameketi kitandani. Aliniagiza maji. Akaosha liwa, polepole, shavu moja kisha jingine, na chini yake nikamwona mwanamke mzee ambaye sikuwa namjua.

Baba mdogo aliingia na gunia zima la sukari.

"Pole, shemeji," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Umemtunza vizuri. Sasa mpumzishe naye apumzike. Ukae eda yako kwa utulivu, miezi minne na siku kumi, hatukuharakishi. Mambo ya nyumba tutazungumza ukitoka."

Nilimwambia alichostahili. Sitakirudia hapa, kuna watoto wanaosoma. Wazee wa msikiti waliitwa, wakakaa, wakasema miaka ishirini inatosha na jina limeshasomwa. Mama mkubwa hakubishana nao. Akaingia eda.

Mimi nilikwenda kwa msanii. Nikamwomba aje aseme mbele ya wazee kwamba yale ni majina ya waliotengana, si ya waliokufa. Maneno machache tu. Akaniambia kazi ya sanaa ikishatolewa nje haina mwenyewe, kwamba watu wenyewe wameikamilisha, na ni jambo kubwa kuliko alivyotarajia. Nikamwita mlamba makaburi. Alilia. Kisha akatoa daftari akaandika nililomwita.

Mwezi wa pili wa eda akanitafuta mwenyewe. Alikuwa amepokea picha za Moroni, na moja ilikuwa ndiyo bora kuliko zote, alisema, itachapishwa kubwa. Mwanamume wa makamo amesimama chini ya nguo, amepenyeza mkono kwenye herufi ya kwanza ya jina, vidole vimetokea upande huu. Pembeni yake mtoto wa kike mwenye riboni. Ilikuwa nguo ya baba mkubwa. Na mkono ulikuwa wa baba mkubwa. Kidole cha pete hakikuwa na kucha, alikipoteza bandarini, na kwenye picha yao ya harusi ukutani petu nilikiona kila siku ya maisha yangu.

Msanii alisema yule bwana alicheka sana. Wenzake wa huko walimwuliza kama waishushe nguo, kwa kuwa yeye yu hai. Akawaambia waiache palepale, asitafutwe mtu, kwao sasa ni hapo.

Nilikimbia kutoka pwani mpaka Ampisikina. Nilikuwa na furaha, elewa hivyo, nilikuwa na hasira na furaha pamoja, kwa sababu nyumba imepona. Niliingia chumbani nikamrushia picha mapajani.

"Vua hizo nguo, mama. Eda gani ya mtu anayecheka?"

Aliitazama muda. Akaileta karibu na dirisha.

"Amenenepa," alisema. Halafu, "Huyu mtoto ana miaka mingapi?"

"Minane. Tisa. Sijui."

"Yeye hakutaka tupate mtoto wa kulea. Nilipokuchukua sikumwuliza."

Nikamwambia nakwenda msikitini sasa hivi, nitasimama mlangoni na picha, na baba mdogo na viatu vyake atarudi kwao usiku huu. Akanishika gauni.

"Wewe unajua mjane analetewa nini. Sukari. Aliyekaa anajipaka liwa miaka ishirini na mume ana riboni kwa mwanamke mwingine, yeye wataleta nini hapa?"

Nikageukia mlango.

"Wataleta macho," alisema. "Kila siku, mpaka nife. Acha awe marehemu."

"Na nyumba?"

"Nyumba ni mawe."

"Basi mimi nitasema. Mimi sioni haya."

"Sema," alisema, taratibu kabisa, "na mimi nitajua kwamba nilikwenda Nosy Be bure. Siku zile nilimwacha mume wangu nikaja kukupokea wewe. Usinifanye nijute mwanangu."

Kofi ningelipokea. Hili sikuwa na pa kuliweka. Nikaapa.

Juma lililofuata akanifanyia jambo lingine. Akachukua sukari ya tanzia, ile ya gunia la baba mdogo, akafunga kilo tano, akanipa nimpelekee mama mmoja mchuuzi aliyekuwa anapanda meli kwenda Moroni, amfikishie yule wa pichani. Ndani akaniambia niandike kikaratasi, tanzia ya marehemu, kutoka kwa mjane wake. Niliandika. Mchuuzi aliporudi alisimulia kwamba bwana aliipokea mwenyewe mlangoni, akasoma, akatia kidole, akaonja. Akasema sukari ya Bukini bado ni tamu kuliko ya huko. Hakuuliza kitu kingine. Mama mkubwa alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa jibu alilolitarajia.

Msanii aliondoka na nguo zake zikavuliwa. Nasikia zimetembea miji mingi.

Siku ya kutoka eda ilisomwa hitima nyumbani. Mzee msomaji alitaja jina, marehemu, na nilimsikia mama mkubwa nyuma ya pazia akiitikia amin kwa sauti kuliko wanaume wote. Mwisho baba mdogo akabaki kupokea funguo. Nyumba alikuwa ameshaiuza kwa mtu wa Boanamary. Robo yetu ilikuwa chumba kimoja cha kupanga na heshima.

Aliita watu wawili mashahidi. Akamshukuru mama mkubwa kwa kumwekea marehemu mali yake miaka yote. Kisha akanigeukia mimi, akitabasamu.

"Leo binti kimya? Umemeza nini?"

Picha nilikuwa nayo kifuani, ndani ya gauni, sikuwa nimeichoma. Mama mkubwa alijua. Alinishika kifundo cha mkono, akakibana mpaka kucha zikaingia, akamwambia shemeji yake, "Ana huzuni. Alimpenda sana baba yake mkubwa."

"Mungu amrehemu," alisema baba mdogo.

Akanitazama, akingoja niitikie. Mama mkubwa naye akanitazama.

"Amin," nikasema.