Nilifungua Kamera ya Mzee kwa Kumshuku

Kosa ni langu mimi, na niliyemkosea hajui hadi leo.

Ninakaa Nyamiaga. Nakusanya kamera za zamani, zile za mkanda. Ninazo tisa, watu wananicheka. Mwaka juzi niliuziwa mnadani kamera inayong'aa nje, kumbe ndani haina kioo. Jamani! Tangu hapo kila muuzaji kwangu ni mwizi.

Basi mzee mmoja wa Nyantakara, zamani mpiga picha za harusi na komunyo, akakubali kuniuzia yake. Alipitia kwangu akielekea msibani, akaiacha. "Usiifungue, mwanangu, hata kidogo. Jumapili nakuja. Kuna kitu changu humo."

Kitu gani? Mbona hasemi? Nikajua tu, huyu kang'oa kifaa, Jumapili atakuja na hadithi.

Nikazungusha kile kijimkono cha kurudishia mkanda. Kizito! Mkusanyaji yeyote anajua maana yake: ndani kuna mkanda. Lakini nilishamshuku, nikaona hata huo uzito ni ujanja. Nikaifungua mlangoni, juani, saa sita mchana.

Mkanda ulikuwepo. Nikauvuta nione kilichofichwa nyuma yake. Hakuna! Kamera nzima kabisa. Nikaurudisha upesi, nikafunga.

Jumapili mzee akaja na koti zito jeusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Imekwama hii, mkanda lazima utolewe gizani, ndani ya koti. Nilimpiga picha mke wangu humo kabla hajafariki. Niliwapiga picha wake za watu maisha yangu yote, wangu nikachelewa. Picha nyingine hana. Nilikuwa naogopa kumwona, sasa niko tayari."

Nikanyamaza. Ee Mungu wangu, nikanyamaza! Hata koti nilimsaidia kulishika.

Mkanda ulipelekwa Mwanza kusafishwa, ukarudi umeungua wote kwa mwanga, hakuna picha hata moja. Mzee akatazama mikono yake. "Imezeeka hii. Nimemuunguza mimi mwenyewe." Akanipa na lenzi zake zote, bure. Nikapokea, mimi huyu!

Juzi nimesikia kitukuu wake amezaliwa. Wamempa mzee ambebe, amekataa. Anasema mikono yake inaharibu vitu.

Ndugu zangu, ukimshuku mtu, muulize usoni. Na ukishaharibu, sema siku hiyohiyo, kabla asiye na hatia hajaanza kujihukumu kwa kosa lako.