Taa ya Jikoni kwa Bana Towela

Mume wangu Michée alivua chisense miaka kumi na miwili kabla hajawa fundi umeme, na mimi humwambia kwamba hajaacha hata leo. Chisense ni visamaki vya ziwa letu la Mweru, huanikwa mchangani. Ukining'iniza taa juu ya maji, vinakuja vyenyewe.

Kazi iliyomuumbua ni ya Bana Towela, yaani Mama Towela, jirani yetu hapa Nchelenge, upande wa Zambia. Huyu mama, Eness kwa jina, alifanya biashara ya samaki na sisi Wakongomani hadi akazungumza nasi kwa Kiswahili chetu wenyewe. Sasa macho yake yamechoka, na jiko lake ni giza hata mchana, maana dirisha linatazama ukuta wa jirani. Mwezi uliopita binti yake, Towela, alitafuna mchanga kwenye chisense alizopikiwa. Akasema atarudi Jumapili fulani kula tena, na akikuta mchanga, mama anahamia kwake Mansa. Bana Towela hataki Mansa. Akamwita Michée amwekee taa chini ya makabati ya ukutani, juu ya meza ya kukatia.

Michée alinunua ukanda wa taa wa kubandika, akauunganisha na betri ya sola ili umeme ukikatika jiko lisibaki gizani. Alikwangua mafuta ya miaka mingi chini ya kabati, akapima, akabandika. Ila alibandika ukingoni mwa mbele, taa nyeupe kali zikitazama nje, kama yuko mtumbwini. Jioni akawasha. Bana Towela akafumba macho, na wadudu wote wa ziwani wakaingia ndani.

"Michée, mi haiko chisense," akasema. "Unanimulika mu macho juu ya nini?"

"Mama, taa tunaiwekaka vile."

"Mu bwato ya kuvua, ndiyo. Hapa meza njo ipate mwangaza, haiko miye."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Michée alinuna hadi asubuhi, na mimi nikamwacha anune, maana mwanaume huyu akishakosea hupenda kwanza kuheshimiwa. Kisha akaubandua ukanda wote, akaweka wa taa za manjano nyuma ya ubao wa mbele wa kabati, ukimulika chini. Meza ikang'aa, wadudu wakabaki kwao.

Jumapili yenyewe Towela alimkuta mama yake amesimama mezani akichambua chisense. Mimi na Michée tulikuwa tumeketi mlangoni. Towela akanawa mikono, akasaidia, akasukuma fungu lake kwa mama, akisema limekwisha kuchambuliwa. Mama akalisogeza chini ya taa, akatoa chembe tatu za mchanga, akaziweka kiganjani mwa binti yake.

Towela aliziangalia, akazikung'uta. Kisha akasema kwa Kibemba kwamba mama atabaki hapa Nchelenge.

Mama yake akamjibu kwa Kiswahili, akitutazama sisi: "Nilikuwa najua. Leta chumvi."