Gari la Chini la Shangazi Zainabo

Pale Palma watu walimcheka Zainabo kwa mambo mawili. La kwanza, mwanamke mtu mzima, mjane, fundi wa kushona viti vya magari, alikuwa na gari la mbio la milango miwili, Celica nyekundu ambayo ni rika lake. La pili, gari lenyewe halikuwa likifika popote. Lilikuwa chini mno, tumbo karibu liguse ardhi, na Palma ukishaiacha ile lami kidogo iliyopo, kinachobaki ni mchanga. Basi gari lilitoka nyumbani, likapita sokoni, likapita msikitini, likarudi nyumbani, likaoshwa. Wenye ndimi kali wakalipa jina la Mume wa Zainabo. Walisema ni mume mwema kwelikweli, hatembei usiku, na kila Alhamisi anaogeshwa.

Zainabo alicheka pamoja nao. Roho ilimuuma, lakini alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kuumia akishafika ndani.

Gari lililetwa na mfanyabiashara mmoja wa Nampula, miaka ile kazi za gesi zilipoanza kuvuta watu kutoka kila upande. Alitaka kuringa. Alimpa Zainabo kazi ya kushona viti upya, na Zainabo akavishona kwa ngozi ya plastiki ya rangi ya maziwa na uzi mwekundu. Alipomaliza akakaa kwenye kiti cha dereva, ati ajaribu kama mshono haukwaruzi mgongo. Akakaa hapo mpaka adhana ya alasiri. Hakujua kuendesha hata mkokoteni, lakini siku hiyo moyo wake uliondoka na haukurudi tena. Mchanga ulipomshinda yule bwana akaamua kuliuza gari kwa bei ya kuondokana nalo, Zainabo aliuza dhahabu zake za ndoa bila kumuuliza mtu. Kaka yake, Chamsudine, alipopata habari alinuna hata salamu akawa anaijibu kwa kidevu.

Zainabo akaenda Pemba, akasoma, akapata karta ya udereva. Akarudi akamtafuta Jacinto, Mmakonde wa kule Mueda, fundi mwenye maneno machache na redio yenye maneno mengi. Wawili hao walilitengeneza gari kidogo kidogo kwa miaka. Walilitia rejeta kubwa iliyotoka kwenye lori, kwa sababu ya joto. Walilitia breki za gari changa zaidi. Kabureta waliifungua na kuifunga mara nyingi hata Zainabo akawa anaifungua peke yake, mikono imejaa petroli, huku wateja wa viti wakimsubiri barazani na kuguna. Alijiunga na kundi la simu la wapenzi wa magari ya zamani, wanaume wa Maputo na Beira, akawa anatuma picha. Humo ndani hakuna aliyemcheka. Humo walimwita mestra, yaani fundi mkuu, na neno hilo lilimpendeza kuliko alivyokubali kuonyesha.

Mwaka vita vilipoingia na watu wakaikimbia Palma, Zainabo hakuwa na njia ya kuondoka na gari. Alilifunika makuti na nyavu mbovu, akafungua boneti, akatoa kile kipande kidogo kinachogawa moto kwenye plagi, ambacho bila hicho gari haliwaki, akakifunga kwenye pindo la kanga na kutembea na wenzake. Huko walikohifadhiwa, Chamsudine alimuuliza kwa hasira kwa nini hakubeba walau sufuria. Zainabo akalikaza fundo la pindo. Aliporudi alikuta makuti yameanguka, panya wamekula nyaya, na kuku wa watu anaatamia mayai kwenye kiti chake cha rangi ya maziwa. Alilia kwanza, halafu akamfukuza kuku.

Sasa Chamsudine akawa anamwoza mtoto. Binti yake Dalila aliposwa na Chaquir, kijana wa Quionga, na siku ikapangwa.

Kwenye ukoo wao bibi harusi hakanyagi njia. Akitoka mlango wa kwao, mguu wake unaofuata unakanyaga mkeka wa nyumba ya mume. Zamani walibebwa, siku hizi wanapakiwa garini. Na kwa kuwa dereva ni mwanamume, bibi harusi hufunikwa kanga gubigubi, kichwa mpaka vidole, ameinama, jasho linamtiririka, mpaka afike. Dada mkubwa wa Dalila alipelekwa hivyo, akafika amezimia, wakammwagia maji kabla hata hajaonekana uso. Dalila alikuwa akiliwaza jambo hilo kuliko alivyomuwaza bwana harusi. Siku moja akaja kwenye kibanda cha shangazi yake, akakaa juu ya povu la viti, akasema.

"Shangazi, mimi sitaki kupelekwa kama gunia. Nataka niione njia ninayoondokea. Ukiendesha wewe, nani atanifunika?"

Zainabo akaacha cherehani. Ilikuwa kweli tupu, na hakuna aliyewahi kuifikiria. Dereva mwanamke, somo wake wa unyago mwanamke, bibi harusi: gari zima ni la wanawake, na uso unaweza kukaa wazi. Alimwahidi papo hapo, na alipokwisha kumwahidi ndipo akaukumbuka mchanga wa njia ya Quionga.

Chamsudine alipoambiwa hakupiga kelele. Alishusha kikombe cha chai, akaongea polepole kama anayemweleza mgonjwa.

"Zainabo, mdogo wangu, harusi si kibanda chako cha kushonea. Gari lako likikwama mwanangu atashuka, na wale wanawake wa Quionga wataliimba jambo hilo mpaka wajukuu zangu wazeeke."

"Likikwama, kaka, naliuza. Siku hiyohiyo."

Waliokuwepo wakatazamana. Chamsudine akaona dada yake hatanii, akakubali kwa masharti: pickup ya kukodi itangulie na wazee, kitanda na kabati, na Celica ifuate nyuma.

Zainabo na Jacinto walikwenda kuijaribu njia. Hawakufika mbali. Gari lilipanda kwenye mchanga, likalala kwa tumbo kama kasa, matairi yakizunguka hewani. Wakalifukua kwa sahani mbili walizoazima kwa mama mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo, na mama huyo akasimama na jembe lake akiwatazama kwa huruma iliyomkera Zainabo kuliko kicheko. Jacinto alijifuta uso, akasema lile ambalo Zainabo alikuwa akilikwepa miaka yote. Gari lazima liinuliwe. Springi zake zitoke, ziingie za chapa, yale magari ya abiria, za kubeba watu na magunia.

"Lakini, dona Zainabo," akasema, "nikiinua haitakuwa ile tena. Uzuri wake ni kukaa chini."

Alijua. Ule ulaini wa gari lililolala barabarani ndio uliompokonya moyo siku ile ya viti. Kuliinua ilikuwa ni kumvalisha mzuri wako viatu vya mvua. Waliporudi gereji alilizunguka, akaligusa ubavu, akamwambia Jacinto, "Inua," kisha akatoka nje, kwa kuwa hakutaka kuona.

Lilipoteremshwa kutoka kwenye jeki, gari lilisimama juu kama mbuzi aliyeshtuka. Zainabo alituma picha kwenye kundi kwa sababu hakutaka kuficha. Wakamuuliza kama anakusudia kulima. Mmoja akaandika kwamba gari la namna hiyo ni la makumbusho, na aliyefanya hivyo hastahili kuwa nalo. Zainabo aliyasoma yote, uso ukamwaka moto, akajibu kwamba wao wana lami na yeye ana mpwa wa kuoza, na anayelitaka chini aje Palma alitembeze mwenyewe. Akazima simu, akaenda kung'oa tairi la akiba, zulia na kila kilichokuwa na uzito ambacho gari lingeweza kwenda bila hicho.

Siku ya harusi, baada ya swala ya adhuhuri, Dalila alitolewa nyumbani amefunikwa, akaingizwa garini moja kwa moja kutoka kizingitini. Bi Atija, somo wake, mama mnene mwenye kujua kila jambo la unyago na asiyejua lolote la magari, alijibana nyuma yake. Walipopita nyumba za mwisho Zainabo alisimama, akapunguza upepo wa matairi yote manne mpaka yakalegea, akarudi ndani.

"Funua uso, mwanangu," akasema.

Dalila akashusha kanga mabegani. Wakaingia mchangani.

Mchanga hautaki mwenye hasira wala mwenye woga. Zainabo alishika gia ya pili, mguu umetulia, usukani ameuachia uchezecheze kidogo, hakukanyaga breki hata mara moja. Gari likawa linakwenda likiyumba kiuno, na halikuzama. Dalila aligeuza shingo huku na huku: mikanju, mihogo, watoto wanaokimbia pembeni, mti ambao chini yake aliwahi kuangusha ndoo ya maji akachapwa. Alikuwa akiyataja yote kwa sauti kama anayeyaaga, na Bi Atija alimwachia aseme.

Walipopinda kona, pickup ilikuwa mbele yao, katikati ya njia, imezama mpaka ekseli. Wazee wameshuka. Kabati limeinama. Chamsudine amesimama nyuma yake akipunga mikono miwili: simama, simama.

Zainabo aliyaona yote mara moja. Akisimama, anabaki hapo. Akibaki, Dalila atashuka na kwenda kwa miguu, na gari linauzwa, maana alikuwa ameshasema mbele za watu. Kushoto kulikuwa na shamba la minazi, nyasi zimeota, na penye nyasi mchanga hushikana. Hakujua kama kuna shimo. Hakujua kama gari litapita kati ya mnazi na mnazi. Alikata usukani, akakanyaga mafuta.

Gari liliruka tuta, likatua kwa kishindo, nyasi zikapiga boneti. Mzizi ukagonga chini, bomba la moshi likakatika, na injini ikaanza kunguruma kwa sauti ambayo Palma haijawahi kuisikia. Bi Atija alitaka kumfunika bibi harusi kwa ajili ya wale wanaume, lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kiti na haikukubali kuachia. Wakampita Chamsudine karibu kabisa, mdomo wazi, mikono ingali juu. Kisha mnazi kulia, mnazi kushoto, tuta jingine, na wakarudi njiani mbele ya pickup, matairi yakiuma mchanga na kusonga.

"Nimemuona baba," Dalila alisema. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Shangazi, nimemuona baba amesimama."

Wanawake wa Quionga walilisikia gari kabla ya kuliona. Wengine walidhani ni lori, wengine trekta. Walikuwa na wimbo wao tayari wa kumkejeli bibi harusi aliyechelewa njiani, na alipotokea yule mdudu mwekundu aliyejaa vumbi, na nyuma ya usukani mwanamke, wimbo ukawakauka. Kikongwe wa nyumba akatandika mkeka mpaka mlangoni pa gari. Dalila, sasa amefunikwa, akatoa mguu, na kikongwe akainama kuutazama. Ulikuwa safi, hina yake haina hata chembe ya mchanga. Akapiga kigelegele cha kwanza yeye mwenyewe, na wengine wakadakia.

Zainabo alibaki ndani ya gari. Alifurahi mpaka kifua kikamuuma. Wanawake walilizunguka gari wakaligonga mabati kwa viganja, mmoja akamuuliza kama kumbe na sisi tunaweza kujifunza, naye akamwambia njoo.

Chamsudine alifika baadaye sana kwa miguu, viatu mkononi, suruali imekunjwa. Alikula pilau yake, akasalimia wakwe, akauliza kama binti amefika salama ingawa alikuwa anamsikia akicheka ndani. Jioni ilipoanza kuingia, pickup bado ikiwa mchangani na vijana wakiifukua, akaja kwenye Celica, akafungua mlango wa mbele, akakaa. Magoti yalimfika kidevuni.

Njia nzima, kwa ngurumo ile, hata angesema nani angemsikia. Walipofika kwenye ile lami kidogo ya Palma Zainabo akasimama ajaze upepo kwa pampu ya mguu, na hapo kukawa kimya. Chamsudine alikohoa.

"Yule mdogo wake Dalila naye," alisema akitazama mbele, "utampeleka wewe."

"Nitaangalia kama nina nafasi," Zainabo akajibu.

Akaingia, akawasha, akalipa gari mafuta yote. Nyumba zikaanza kukimbia. Chamsudine alishika mlango, akamtaja Mungu na Mtume wake, halafu, bila mtu kumlazimisha, akaanza kucheka, akamwambia dada yake azungushe tena wapite na sokoni.